Maumivu ya Lindsay Treloar Yalikuwa Tatu

Shemeji yangu Lindsay Treloar alikuwa mnyoaji wa kondoo, na mimi nilikuwa mpishi wa kikosi chake. Mke wake, Verna, ni dada yangu wa tumbo moja. Ukimuuliza Verna habari za mumewe atakueleza kwa huruma mpaka utoe kitambaa. Mimi huruma ninayo, lakini hasira inaitangulia, kwa hiyo nitakueleza alivyo.

Mnyoaji hushinda ameinama. Kondoo mzima mwenye mateke anabanwa katikati ya magoti, mkono mmoja unamgeuza, mwingine umeshika mashine ya kunyolea, na hivyo hivyo mpaka jioni, mwaka baada ya mwaka. Kengele ya chai ikilia, wanaume wenye vifua kama milango wanalala chali kwenye mbao za banda, zile mbao zinazong'aa kwa mafuta ya sufu, wakijaribu kunyoosha migongo. Nilikuwa nawawekea chai na keki kando ya vichwa vyao kama wagonjwa wa wodini. Muulize mmoja mgongo unaendeleaje, atakwambia, "Si mbaya sana." Muulize wa pili, naye, "Si mbaya sana." Kuna siku nilitamani kuwapitia wote kwa mwiko.

Wana sababu yao, siwezi kusema hawana. Mkandarasi anapokusanya watu wa msimu mpya, mlalamishi hafukuzwi. Haitwi tu. Simu yake hailii, basi, na mtu anajua maana yake. Kwa hiyo huku kwetu, nyanda zote hizi kuanzia mji wa Hay mpaka mji wa Ivanhoe, mwanamume anajifunza kumeza maumivu kabla hajajifunza kunyoa vizuri.

Lindsay alikuwa bingwa wa kumeza. Siku moja mashine ilimpasua mkono, damu ikatiririka mpaka kwenye buti. Alijifunga taulo la jasho, akamaliza kondoo aliyekuwa naye, akaja jikoni kwangu amepauka kama unga.

"Shemeji," akasema, "ile nyama ya jana imebaki?"

"Lindsay, mkono wako unavuja."

"Nimeuliza nyama, sijauliza mkono."

Nilimpa nyama. Hapo ndipo nilipojua dada yangu ameolewa na mtu wa namna gani.

Kilichomwangusha si kondoo. Ni robota la sufu. Robota moja lina uzito wa wanaume wawili wakubwa, na huwa wanayapanga moja juu ya jingine nyuma ya banda yakisubiri lori. Lindsay alikuwa anapita kwenda kunywa maji. La juu likaporomoka, likamshukia mgongoni, likamlaza kifudifudi. Pingili mbili zilivunjika. Ule mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya uti wa mgongo haukukatika, ulibanwa tu, na hospitalini kila aliyevaa koti jeupe alimwambia ana bahati. Ningependa kumpata aliyeanzisha neno hilo nimpe kazi ya kulala na bahati hiyo usiku mmoja.

Maana alitoka hospitalini anatembea, ndiyo, kwa magongo mawili. Lakini alitoka na vitu viwili ambavyo havikuwa vikionekana kwenye picha. Cha kwanza kilikuwa moto. Kutoka kiunoni mpaka kwenye unyayo wa kushoto aliungua mchana na usiku, hata shuka ikimgusa anaruka. Cha pili kilikuwa kukaza. Misuli ya mguu huo ilikuwa ikijikunja yenyewe bila kuombwa, goti linapanda, kisigino kinapiga kiti, vidole vinajipinda, na mguu unabaki hivyo, mgumu kama ubao, mpaka uamue wenyewe kumwachia. Verna alijifunza kuukalia. Kweli, anaukalia kama mtu anayefunga sanduku lililojaa, na Lindsay anauma taulo.

Walimpa vidonge, akawa anasinzia kwenye supu. Walimdunga sindano za kulegeza misuli, mguu ukalegea kidogo, moto ukabaki. Mazoezi, maji ya moto, maji ya barafu, yote alifanya, na akilalamika, alilalamikia bei ya dizeli. Hatimaye akapelekwa kliniki ya maumivu huko Melbourne, na huko ndiko walikoanza kumuuliza namba.

Muuguzi wa kule anaitwa Kerryn, binti mchangamfu. Alikuwa anampigia simu kati ya miadi na miadi. "Mzee Lindsay, sifuri ni huna maumivu kabisa, kumi ni maumivu makubwa kuliko yote unayoweza kuyafikiria. Leo uko wapi?"

"Tatu," anasema Lindsay.

Verna yuko pale pale jikoni na taulo lenye alama za meno mkononi. Simu ikikatwa anamuuliza, "Tatu ndiyo hii?"

"Kuna watu hawana miguu kabisa, Verna."

"Sikuulizi watu. Nakuuliza wewe. Kumi ni ya nani?"

"Kumi ni ya mtu anayekata roho."

"Na wewe unafanya nini?"

Lindsay akachukua magongo akatoka nje kutazama matangi ya maji, kana kwamba matangi yangemwambia jambo jipya. Ilikuwa tatu miezi yote hiyo, akijisikia jasiri sana labda nne. Verna alitaka kumpigia Kerryn amweleze ukweli, Lindsay akamwambia akifanya hivyo atahamia kwenye kibanda cha mbwa. Na angehamia, namjua.

Daktari wake, mama mmoja mfupi wa asili ya Sri Lanka anayeitwa Wijesinghe, hakuwa mjinga. Siku alipouona mguu ukikaza mbele ya macho yake, aliweka kalamu chini. Akawaeleza kuhusu mashine. Ni nyaya mbili nyembamba kama uzi wa kushonea, zinapitishwa kwa sindano mpaka karibu na ule mshipa mkuu wa mgongoni. Zinaunganishwa na betri. Betri inapeleka umeme mdogo sana, na ule umeme unazipigia kelele habari za maumivu kabla hazijafika kichwani. Kwa wengine na misuli nayo inatulia. Kwanza unajaribishiwa wiki moja, betri ikiwa nje, imebandikwa kiunoni. Wiki ikiisha nyaya zinatolewa, upende usipende. Kama zimekusaidia, unarudi baadaye kuwekewa mashine ya kudumu, betri ndani ya nyama.

"Bima ya wafanyakazi wamekubali kulipia jaribio," daktari akasema. "Ya kudumu watalipia kama maumivu yatapungua nusu au zaidi. Ndiyo maana nataka kuwa na uhakika, Lindsay. Hii tatu yako ni tatu kweli? Mguu wako unaniambia mengine."

"Tatu, daktari."

Mimi sikuwepo siku hiyo. Verna ndiye alikuwepo, na akanyamaza kwa sababu ya kile kibanda cha mbwa. Nimemsamehe, lakini ilinichukua muda.

Kabla ya safari ya jaribio Verna alinikuta dukani, kwenye viazi. Alikuwa amekonda shingo. Akaniambia Lindsay amesema maneno asubuhi ile wakinywa chai, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayepanga siku yake. Alisema, "Nitajikaza mpaka hii mashine. Isipofaa, Verna, sijui."

"Hajui nini?" nikauliza, ingawa nilishaelewa.

"Hakumalizia, Glenys. Na mimi niliogopa kumuuliza." Akaanza kulia, ameshika kiazi. "Hiyo mashine lazima ifanye kazi. Hana kingine. Sisi hatuna kingine."

Verna anafanya kazi ya kuhudumia wazee, na wiki hiyo hakupata ruhusa. Kwa hiyo mimi ndiye niliyempeleka Lindsay Melbourne, tukafikia kwa binti yangu, mtaa wa Footscray.

Alinisimulia mwenyewe yaliyotokea mezani. Walimlaza kifudifudi, hawakumlaza usingizi kabisa, kwa kuwa daktari alihitaji aseme anasikia nini na wapi. Sindano ikaingia, waya ukasukumwa taratibu. Akasikia kitu kama sisimizi kwenye nyonga. Daktari anauliza, "Wapi sasa?" Yeye anajibu, "Nyonga. Teremka. Goti. Teremka tena, kwenye kisigino. Hapo, daktari, hapo hapo usiondoke." Akasema moto ulizimika kama mtu aliyefunga bomba la gesi. Mguu, ambao tangu robota ulikuwa ukivutana naye, ukalala kwenye ile meza kama mguu wa mtu yeyote.

Ile wiki, jamani. Nikiikumbuka natamani kuvunja sahani. Walimkataza kuinama, kujipinda na kuinua mikono juu, na yeye mwenye kichwa kigumu alitii kama mtoto anayengoja sikukuu. Alilala usiku kucha. Nilikuwa chumba cha pili, ukuta wa karatasi, nikangoja kusikia akiguna, sikusikia kitu. Asubuhi akaenda kununua gazeti akitembea kwa gongo moja, akarudi, akasimama kwenye sinki akaosha vyombo vya nyumba nzima.

Jioni niliwapikia paja la kondoo na mchuzi. Lindsay akala kidogo, akaweka uma chini, akanitazama.

"Shemeji, mchuzi wako una chumvi nyingi."

"Miaka yote ulikuwa kimya."

"Nilikuwa siusikii. Tangu lile robota nakula udongo tu." Akachukua kipande kingine. "Chumvi imezidi, nakwambia. Kumbe wale jamaa kwenye banda walikuwa na moyo."

"Kufa," nikamwambia.

"Sifi leo," akasema, akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu ajali. Nilikwenda kwenye choo cha binti yangu, nikafungulia maji, nikalia mpaka nikachoka.

Siku ya mwisho tukarudi kliniki. Lindsay alikuwa amenyoa ndevu, amevaa shati la harusini. Kerryn akaja anatabasamu, maana alimwona anavyotembea.

"Mzee Lindsay, umependeza. Haya, sifuri mpaka kumi, leo ngapi?"

Lindsay akafikiri kwa makini. Alitaka kusema kweli tupu, nilimwona. "Mbili," akasema. "Mgongo unauma bado pale ilipopita sindano. Mbili."

Tabasamu la Kerryn likapungua. Akatazama kompyuta, akamtazama Lindsay, akatoka kwenda kumwita daktari. Nikajua hapo hapo.

Daktari Wijesinghe alikaa chini mbele yake, magoti karibu yagusane. "Usingizi nitaandika," akasema. "Mguu nitaandika, kutembea nitaandika, nitaandika kila kitu. Lakini bima wataangalia namba kwanza. Kutoka tatu kwenda mbili si nusu, Lindsay. Watakataa. Kwa hiyo nakuuliza tena. Ile tatu ilikuwa sahihi?"

"Tatu gani," nikasema mimi. "Tatu wapi. Huyu amekula taulo zote za dada yangu. Nimemwona mimi anauma mpini wa..."

"Mama, nakuelewa," daktari akasema, "lakini nahitaji nisikie kwake."

Lindsay alikuwa anatazama buti zake. Nami nilijua anachotazama, kwa kuwa nimeishi na hawa watu. Bandani, kengele ya mwisho ikilia, msimamizi anapita kwenye kizimba cha kila mnyoaji, anahesabu kondoo aliowanyoa, anataja namba kwa sauti. Una neno, sema kabla ya kengele. Baada ya kengele namba haiguswi. Zamani kulikuwa na jamaa mmoja aliyejiongezea kondoo baada ya kengele. Wenzake walitupa mizigo yake barabarani jua la saa saba, na mpaka leo jina lake halitajwi mezani bila mtu kutema mate. Lindsay ndiye wanyoaji walikuwa wakimchagua kuwasimamia hesabu zao, kila msimu, kila banda. Hakuna aliyewahi kumtilia shaka.

"Nilisema tatu," Lindsay akasema. "Siwezi kuja kuibadilisha leo kwa kuwa nimeona faida yake."

"Lindsay," daktari akasema polepole, "hapa si mahali pa heshima. Hapa ni mahali pa maumivu."

"Nilishasema, daktari."

Ningeweza kumzaba kofi. Badala yake nilisimama kama gogo na mkoba wangu. Kerryn akabandua plasta mgongoni mwake. Daktari akavuta nyaya, moja, halafu nyingine. Zilitoka laini kama uzi kwenye pindo la sketi, na hakukuwa na damu ya kutajika. Lindsay akavaa shati lake la harusini, akawapa mkono wote wawili, akawashukuru.

Tukaondoka. Niliendesha mpaka Echuca, mji wa mpakani kando ya mto. Lindsay alikuwa ameweka kiganja juu ya paja, kama mtu anayeshika mbwa asiyemwamini. Tulipovuka mto na kuingia upande wetu, kwenye ile barabara iliyonyooka kuelekea Deniliquin, nikaona jasho kwenye sikio lake.

"Moto umeanza?"

"Endesha, shemeji."

Nikaendesha. Baadaye kidogo goti lake likaruka, buti ikapiga chini ya dashibodi, redio ikakatika. Ikapiga tena. Nikatoka barabarani, nikasimamisha gari kwenye changarawe, nikazunguka nikafungua mlango wake, naye akateleza akaanguka nje, mguu umejikunja mpaka kisigino kinagusa tako. Sikuwa na taulo. Nikafanya alivyokuwa akifanya dada yangu, nikaukalia kwa uzito wangu wote wa mpishi, na Lindsay Treloar akapiga ukelele. Nimeishi na wanyoaji maisha yangu yote na sijawahi kusikia mmoja wao akilia hivyo. Lori la ng'ombe likapita, likatufunika vumbi, dereva akatutazama akadhani sijui nini.

Mguu ulipomwachia alibaki amelala, shavu kwenye mawe.

"Hesabu ilikuwa mbovu, Glenys," akasema.

"Najua."

"Si ya leo. Ile ya mwanzo. Mwenzangu angesema tatu wakati ana tisa, ningesema huyu mwongo, mwondoeni. Nilijipunja. Nilikuwa nadanganya siku zote hizo, halafu leo nikajiona mwadilifu. Siwezi kurudi kwenye hili. Nimeonja kule. Siwezi."

Sikumfariji. Nilitoa simu, nikapiga kliniki, nikamwomba Kerryn, nikaiweka simu kwenye sikio la Lindsay pale pale chini.

"Kerryn," akasema. "Ni Lindsay. Ilikuwa tisa. Siku nyingine kumi. Tangu robota. Niliyosema yote yalikuwa uongo." Akasikiliza. "Nipo barabarani. Hapana, si salama sana. Yupo shemeji yangu, amenikalia."

Kerryn hakucheka. Alisema amemsikia, na kwamba atampelekea daktari sasa hivi, na kwamba wamchunge usiku ule. Daktari Wijesinghe aliandika kwa bima siku hiyo hiyo, akaandika tena, akapiga simu, akagombana nao kwa niaba yetu. Sina neno baya juu ya yule mama.

Baada ya wiki kadhaa bima wakampigia Lindsay. Sauti ya kijana, yenye adabu, sauti ya mtu aliyekaa kwenye kiti kizuri. Alieleza kwamba kumbukumbu zote zinaonyesha tatu, na kwamba namba ilibadilika baada ya jaribio kushindwa, na bwana ataelewa kwamba kampuni haiwezi kukubali namba inayobadilika baada ya jaribio. Anaweza kuomba tena mwaka ukiisha. Lindsay akamwambia, "Naelewa," na kweli alielewa kuliko yule kijana. Angekuwa yeye, hata yeye angekataa. Hilo ndilo lililomvunja nguvu. Wamemwona mtu wa kujiongezea kondoo.

Tangu hapo aliacha kusema uongo. Utadhani ni jambo jema. Ijumaa moja tulimchukua, mimi na Verna, kwenda baa, ile siku wanayochezesha bahati nasibu ya nyama na mji mzima unakuja. Alikaa kwenye kona, magongo kando. Clarrie akaja na glasi yake, Clarrie aliyenyoa naye bega kwa bega tangu ujana.

"Lindsay, kaka. Hali vipi?"

"Tisa," Lindsay akasema.

Clarrie akakodoa macho. "Tisa nini?"

"Maumivu. Kwa kumi. Nimejikojolea kwenye gari njiani kuja hapa, mguu ulikaza. Verna amenibadilisha suruali."

Clarrie akatazama glasi yake. Akasema mvua imechelewa mwaka huu. Akasema tena kwamba imechelewa, akampiga Lindsay bega, akaenda kaunta, na nikawaona wenzake wakimuuliza na yeye akitikisa kichwa. Mwingine alikuwa anakuja upande wetu, akakumbuka jambo akageuka. Sio watu wabaya. Kila mmoja wao ana mgongo. Wangemuuliza zaidi wangelazimika kujijibu na wao. Tukashinda kilo mbili za soseji na hakuna aliyekuja kututania.

Siku iliyofuata, asubuhi, Verna akiwa kazini, Lindsay alinipigia simu. "Pitia hapa, shemeji. Njoo na gari."

Nilimkuta kwenye kibaraza. Mbele yake mezani kulikuwa na bunduki yake, ile ya kuwindia mbweha, imefunguliwa, risasi kwenye kopo pembeni, na funguo za kabati la bunduki. Nikashika nguzo.

"Usiogope," akasema. "Haina kitu. Nimekuita uichukue."

Niliichungulia mwenyewe nihakikishe.

"Mwaka ni mrefu, Glenys. Nataka kufika mwisho wake. Lakini sijiamini, na nimechoka kusema najiamini." Akazisukuma funguo upande wangu. "Iende kwako. Na funguo. Nikija kukuomba, nikikwambia ni kwa ajili ya mbweha, usinipe. Hata nikikutukana."

"Utanitukana sana?"

"Sana."

Nikaifunga kwa kitambaa cha meza nilichokikuta kwenye kamba ya kuanikia nguo, nikaiweka kwenye buti la gari, nikapiga kifuniko, nikarudi nikaketi naye. Nikamuuliza nilichoweza kumuuliza.

"Leo ngapi, shemeji?"

Akafunga macho, akapima kwa haki, kama msimamizi mbele ya kizimba.

"Tisa na nusu," akasema. "Kesho njoo uniulize tena."